Mikono Yenye Harufu ya Spray

Mvua ya huku kwetu Bomet haina adabu. Chuma chochote kinashika kutu: bawaba, komeo, hata panga la kupogolea chai. Ndiyo maana sikosi mkebe wa spray ya kulegeza kutu jikoni. Mlango ukilia, napuliza. Gundi ya stika ikikatalia kwenye sufuria mpya, napuliza. Mama mkwe wangu, Kogo kama watoto wanavyomwita, alikuwa akiichukia. "Hiyo dawa yako isikaribie maziwa yangu," aliniambia kila mara.

Na hayo maziwa, mimi mtu wa kutoka ziwani, si wa kabila lao, sikuwahi kuruhusiwa kuwamiminia wageni. Nilipika, nilichuma chai, nilikamua ng'ombe, lakini vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya mgando, vilikuwa vyake. Iliniuma, sitaficha. Siku ya wakwe kuja kumposa binti yangu, nilitamani sana nimimine mimi, mama yake.

Asubuhi hiyo kufuli la stoo likakataa katakata, na vibuyu vyote vilikuwa ndani. Mume wangu akaleta shoka.

"Wee! Jaribu uone!" Kogo akafoka. "Huo mlango aliutengeneza baba yako."

Wageni walikuwa wameshafika, wanapangusa matope viatuni. Kogo akanitazama, akameza mate. "Haya, leta hiyo dawa."

Nilichomeka ule mrija mwembamba kwenye tundu la ufunguo, nikapuliza, nikagonga kufuli polepole kwa mpini wa kisu, nikangoja. Mume wangu alinipumulia shingoni mpaka nikamwambia aende akasalimie watu. Nikapuliza tena. Mwishowe ufunguo ukazunguka, tak!

Furaha yangu haikudumu. Mikono ilinuka ile dawa; hata Kogo angeniruhusu kumimina, ningewezaje? Niliiosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau, wapi! Mursik hushika harufu upesi, na kuwapa wakwe maziwa yanayonuka mafuta ni aibu ya kuzeeka nayo. Nikakaa jikoni karibu na moto, machozi yakinitoka.

Kogo akaingia na kibuyu kikubwa, kile cha shanga. Alinishika viganja, akavimiminia mursik yake, maziwa aliyoyatunza wiki nzima kwa ajili ya siku ile. Akavisugua, akavinusa, akakunja uso, akamimina tena. Akanusa mara nyingine. Halafu akaniwekea kibuyu mikononi.

"Twende," akasema. "Wakwe zako wana kiu."