Sakafu ya Mwanaharusi Yaacha Kutoka Jasho

Mwanaharusi wa Salale ni bingwa wa kusuka mikeka, lakini kwake wageni walikaa vitini. Sakafu yake ya zege ilikuwa ikitoka jasho mwaka mzima. Ukitandika mkeka leo, kesho kutwa una ukungu. Basi maulidi ya wanawake yakawa yanasomwa kwa Zuhra, yanasomwa kwa Hadija, nyumba yake yanairuka. Moyo ulimuuma, maana hamu yake ilikuwa moja: yasomwe kwake, watu wakalie mikeka yake.

Mwaka huu akaapa kuweka marumaru. Mumewe Twalibu, aliyeimwaga sakafu hiyo kwa mikono yake, akanuna.

"Zege langu halina kosa," alisema.

Halina kosa wapi! Mchanga aliuzoa mdomoni mwa mto kwa kuwa mweupe na wa bure, akaukoroga na maji ya chumvi. Chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa ikivuta unyevu miaka yote.

Fundi Mshamu akaitwa kutoka Kibiti. Akatandaza kipande cha nailoni sakafuni, akakibana kingo zote kwa utepe wa gundi. Kesho yake walipokifunua, chini kilijaa matone. Twalibu akakuna kichwa.

"Kumbe nilikujengea juu ya bahari, mke wangu."

Mwanaharusi alicheka hadi akajishika mbavu. "Haya fundi, weka marumaru leo leo."

"Nikiweka leo, mama, mwakani utayaokota moja moja," alisema Mshamu.

Sakafu ikachokolewa, ikaachwa ikauke, ikapakwa lami mara mbili, ikatandikwa nailoni nzito, kisha zege jipya la mchanga wa bara. Maji ya mvua ya kulikorogea aliyabeba Twalibu mwenyewe, bila kuambiwa. Marumaru yakaja mwisho.

Siku ya maulidi wanawake walijaa hadi barazani. Zuhra, ambaye mdomo wake haukai, alisema amekuja na kanga ya kubadili akilowa. Hakuibadili. Mwanaharusi alikuwa na furaha mpaka sauti ikamkauka kwa kuitikia.

Asubuhi, kwa mazoea, akanyanyua mkeka autoe juani. Akaupapasa chini. Mkavu. Akautandika tena palepale, akamwita Twalibu wanywe chai chini, wawili. Kilichotolewa nje siku hiyo ni viti.