Miungu na Mizungu

Mwaka ule kiwanda cha magari cha Longbridge, huku kwa Waingereza, kilipofungwa, ami yangu alibaki bila kazi, na mtu wa kwanza kuumia kwa habari hiyo, ukiacha yeye mwenyewe, nilikuwa mimi. Zamani alikuwa akija kwetu mtaa wa Ladywood mara moja kwa mwezi, anakunywa chai, anauliza habari za shule, anarudi zake Great Barr. Sasa alikuwa na siku saba za wiki na hana la kufanya nazo. Akaamua kunilea.

Haki alikuwa nayo, kwa desturi zetu. Baba yangu alikuwa mdogo wake, na alikuwa ameshafariki miaka mitatu. Mama na mimi tulikaa ghorofa ya kumi na moja, wawili tu. Nilikuwa na miaka kumi na tano, ulimi mrefu, na hasira za karibu. Mama alikuwa akisafisha maofisi mjini. Alitoka alfajiri kwa miguu na kurudi saa mbili asubuhi, wakati mimi natafuta viatu vya shule. Kiingereza chake, kwa nilivyojua mimi, kilikuwa ni kuamkia, kushukuru, na majina ya dawa za kusafishia vyoo.

Kwa hiyo mdomo wake nilikuwa mimi. Kliniki, benki, ofisi ya nyumba, popote palipokuwa na mtu nyuma ya meza, mama alikaa na mkoba wake mapajani na mimi nikasema. Hata kikao cha wazazi shuleni nilijitafsiria mwenyewe. Mwalimu wa hesabu alisema mimi ni mvivu, na juu ya uvivu nina kiburi. Nikamgeukia mama nikamwambia: anasema akili ninayo, niongeze bidii kidogo. Mama aliitikia kwa kichwa, akamwambia mwalimu "thank you", tukaondoka. Nilijiona mjanja sana siku ile.

Mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyenitia matatani, na alifanya hivyo kwa kunipenda. Alitutaka tumchukue mtu wa ngano za kale, yeyote, tumwandikie utoto wake ambao haujasimuliwa. Nikaenda maktaba, nikaangukia kitabu cha watu wa kale wa Kaskazini, wa nchi za barafu, waliokuwa na miungu chungu nzima. Mmoja katika hao alikuwa laghai. Anajigeuza farasi, anajigeuza samaki, anaiba, anarudisha, anasababisha balaa kisha anaitwa yeye huyo huyo kuliondoa. Vitimbi vyake vilijaza kurasa na kurasa. Utoto wake ulimalizwa kwa mstari mmoja: alizaliwa na majitu, akaishi na miungu. Mama yake alitajwa jina tu, basi. Mimi ni mtu wa kugombana na vitabu, na kile niligombana nacho njia nzima mpaka nyumbani.

Nikamtungia dunia yake. Juu uko mji wa miungu, wa minara. Chini, kwenye mto ulioganda, wanakaa majitu. Baina yao iko ngazi moja tu. Vita vyao vilipokwisha miungu walidai mtoto mmoja wa majitu awe rehani ya amani, na aliyechukuliwa ni yeye. Mama yake alimpandisha mpaka kipandio cha mwisho, akamtia kijiwe cha chumvi chini ya ulimi, ili asiisahau ladha ya lugha yao. Kule juu akakua, akawa peke yake anayejua lugha zote mbili, na kila ulipokuwa na mkutano akasimamishwa katikati. Mfalme wa miungu anasema, "Nyinyi ni taka tupu." Mtoto anawaambia majitu, "Anakusalimuni." Majitu wanajibu, "Tutakuja kukuchinjeni." Mtoto anasema, "Watakuja kukutembeleeni." Amani ikakaa miaka. Ilipogundulika alivyokuwa akifanya, pande zote mbili zikamwita muongo, na jina likamganda. Ndivyo alivyokuwa laghai, kwa hadithi yangu mimi.

Nikajaza kurasa ishirini, kwa Kiingereza, kwenye meza ya jikoni, mama akipita na sufuria nyuma yangu. Mwalimu akaipenda hata akataka kuitia katika kitabu cha shule. Akatuma barua nyumbani ili mzazi atie saini, na hadithi yenyewe akaibana pamoja nayo.

Siku hizo barua za mama zilikuwa zikifunguliwa na ami. Alisema anatusaidia. Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya chakula. Mezani, chini ya chupa ya chai, ilikuwepo fomu ya wakala wa ndege, maana kiangazi kile tulikuwa tunakwenda Unguja, mama na mimi. Jina la mama lilikuwa limeshajazwa: kwenda na kurudi. Langu lilijazwa kwenda. Kijisanduku cha kurudi kilikuwa kitupu, na wakala alitaka jibu kesho yake, Jumatatu.

Kijisanduku hicho kilikuwa kinaninyima raha wiki ya tatu. Ami alikuwa anamshauri mama aniache kwa bibi mzaa baba mpaka nitengenee, na mama hakuwa amejibu ndiyo wala hapana. Darasani kwetu alikuwepo msichana wa Kisomali aliyelelewa Mombasa. Aliondoka likizo kama mimi nilivyokuwa naondoka, na kiti chake kilikuwa kitupu mwaka wa pili. Bibi yangu nilikuwa nampenda, na Unguja nilikuwa naipenda. Niliogopa kuachwa, na niliogopa zaidi kuachwa bila kuambiwa.

Ami akasoma barua, akafungua ukurasa wa kwanza wa hadithi, akausoma hadi chini. Kisha akamtazama mama, aliyekuwa amekaa anachagua mchele kwenye sinia.

"Shemegi, unajua mwanao anaandika nini?"

"Kazi ya shule."

"Anaandika mungu kazaliwa. Mungu ana mama, shemegi. Wewe unapiga magoti kwenye sakafu za watu ili huyu asome, na anachokisoma ndicho hiki." Akanisukumia makaratasi. "Msomee mama yako. Kwa Kiswahili, asikie mwenyewe."

"Ami, it's only a story. Ni mythology, za watu wa zamani, hata hawapo."

"Soma."

Akasogeza kiti chake karibu yangu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Nilikuwa nimetafsiri maisha yangu yote, lakini hakuna aliyewahi kukaa pembeni yangu ana karatasi ya kuhakikisha.

"Palikuwa na bwana mmoja," nikaanza, "alizaliwa gizani."

Kidole kikagonga. "Hapo pameandikwa bwana?"

"Hapana, ami."

"Basi soma kilichoandikwa."

Kiswahili changu kilikuwa cha jikoni na cha simu za sikukuu. Mungu nilikuwa namtaja kutwa mara mia, kwa viapo na kwa shukrani, lakini mungu wa wingi sikuwahi kumtaja. Chuoni, kwa mwalimu wa dini, tulifundishwa hayupo, somo likaishia hapo. Nilijua neno lenyewe likitoka tu, kijisanduku kitabaki kitupu, na ami atakuwa na ushahidi kutoka kinywani mwangu.

"Alizaliwa na majitu," nikasema, "akaenda kuishi na mizungu."

Watu niliowahi kuwahadithia hawaniamini, lakini naapa sikukusudia. Ulimi ulinitereza. Mizungu nilikuwa nalisikia neno hilo kwa mama tangu utotoni. Nikipiga pindu kwenye kochi, nikileta visingizio vya kutoosha vyombo, aliniambia, "Hebu niondolee mizungu yako hapa." Ni mambo ya ajabu, hila, vioja vya kumwacha mtu mdomo wazi. Lilikuwa neno la nyumbani, ndiyo maana lilikuja la kwanza.

"Miungu," ami akasema. "Sema miungu."

Mama akainua mkono wenye vumbi la mchele. "Muache, shemegi. Nimesikia. Mizungu. Endelea, mwanangu."

"Kakosea huyo. Alitaka kusema—"

"Alilotaka kusema wewe umelijuaje? Kasema mizungu. Marehemu mama akituhadithia mizungu ya kila namna, watu wanageuka paka, wanageuka mawe, na sala hatukuacha. Endelea."

Nikaendelea. Ukurasa baada ya ukurasa, mfalme wa mizungu, mji wa mizungu, karamu ya mizungu. Kila nilipolitaja ami alisonya, na kila aliposonya mama alitupa kijiwe pembeni ya sinia. Nilianza kupata moyo. Nilikuwa karibu kucheka, hata, nilipofungua ukurasa wa kumi na tatu na kuona kilichonisubiri.

Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesahau kabisa hadithi ile ilikuwa inahusu nini. Sasa ilinipasa kumsomea mama yangu, machoni pake, habari ya mtoto anayesimama baina ya watu wawili na kugeuza maneno. Kidole cha ami kilikuwa kwenye mstari, sikuwa na pa kurukia.

"Mfalme akasema, nyinyi ni taka tupu. Mtoto akawaambia... akawaambia, anakusalimuni."

Mikono ya mama ilisimama kwenye mchele. Nikamaliza ukurasa bila kuinua macho. Niliona haya, haya za kuunguza masikio, na hofu pia, kwa sababu sikujua amesikia nini.

"Na mama yake?" akauliza. "Yule wa kule chini. Alikuwa anajua kuwa mwanawe anageuza maneno?"

Sikuwa nimefikiria. Nilimwacha yule mwanamke kwenye ngazi ukurasa wa tatu, nikaenda zangu, kama kile kitabu cha maktaba.

"Sikuandika," nikasema.

"Basi hadithi haijesha."

Ami akayakunja makaratasi. Nilitegemea apige kelele, lakini alisema polepole, na hakuwa ananitazama mimi. "Shemegi, mie nimezika ndugu yangu katika nchi hii. Kazi imekwenda. Wanangu nikiwasemesha wananijibu Kiingereza. Sitaki na huyu apotee. Muache kwa bibi yake mwaka mmoja, miwili, si adhabu." Nilimchukia, na papo hapo nikaona kuwa anaogopa, na sikupenda kuliona hilo kwa sababu lilinipunguzia chuki yangu.

"Kesho nitampigia wakala," mama akasema.

"Bora." Ami akavaa koti. Mlangoni akanigeukia. "Utampigia wakala wewe, kwa niaba ya mama yako. Sema kama atakavyokwambia."

Hakuwa na haja ya kuniambia. Simu zote za Kiingereza zilikuwa zangu. Hukumu yangu ningeitamka mwenyewe, kwa adabu, na tarehe za safari.

Mama alipika mchele wake jioni ile, nami sikuuliza atasema nini. Nilikuwa nimeshapanga. Akisema nibaki, mimi nitamwambia wakala turudi wote. Kwa Kiswahili atasikia sawa, kwa Kiingereza itaandikwa sawa, na mpaka uwanja wa ndege hakuna atakayejua. Nilifanya mazoezi ya sentensi chooni, kwa sauti ya chini, mpaka ikanyooka.

Jumatatu alirudi kutoka kazini saa mbili kasorobo, koti mwilini bado, mikono inanuka dawa. Akaweka fomu kando ya simu. Nikabonyeza nambari, nikasikia inaita kule mjini.

"Niambie," nikasema. "Nimwambie nini?"

Mama akanyoosha mkono. "Nipe."

Nikampa. Nilidhani anataka kusikia kama inaita.

"Good morning," akasema. "I ring for the tickets. Me and my daughter." Akataja jina langu, akalitaja tena herufi moja moja, hakukosea hata moja. "Two go. Two come back." Akasikiliza. Wakala alikuwa anauliza kitu kirefu, kwa haraka, na mama alikuwa anakifuata chote, naona usoni. "Yes. Same day, both. I am sure, thank you."

Akaweka simu. Nilibaki nimesimama na mkoba wa shule begani. Vikao vyote, kliniki zote, meza zote zile zilikuwa zinanipitia kichwani moja baada ya nyingine, na kila kitu nilichogeuza.

Akachukua barua ya mwalimu na kalamu ya fomu, akatia saini palipotakiwa, bila kuuliza ni wapi.

"Yule wa hesabu alisema lazy," akasema, akinikabidhi. "Neno hilo naambiwa kazini kila wiki, nalijua vizuri. Leo anza na hesabu."

"Mama, kwa nini siku zote hukusema?"

Alikuwa ameshainama anavua viatu. Alifikiri kidogo, kiatu kimoja mkononi.

"Nilikuwa nataka kusikia wewe utaniambia nini."

Kisha akaniambia nishuke, nitachelewa, na mlango niufunge kwa ufunguo kwa sababu anakwenda kulala.