Madonge ya Samaki Kibirichia

Harufu ya samaki ndiyo iliyonilea mwaka ule barabara ya lami ilipofika Kibirichia. Mama alikuwa msaidizi wa Bwana Lin, mpishi wa kambi ya Wachina waliokuwa wakiijenga, mtu wa Fuzhou, mji wa bandari ambako, kwa maneno yake, mlo usio na supu si mlo. Bwana Lin alitwanga samaki kwenye kinu, akachanganya na wanga wa viazi vyetu, akafumbata, akatia nyama ya nguruwe katikati, kisha donge jeupe likachomoza kati ya vidole na kutumbukia kwenye maji ya moto. Mama alijifunza hadi Bwana Lin akamwambia, "Mama Kendi, wewe sasa ni mtu wa Fuzhou." Nami nilikula mpaka tumbo likauma. Jamani, utamu ule!

Lakini huku mlimani wazee hawakula samaki. Walimwita nyoka wa majini. Baba, mzee wa kanisa, alisema waziwazi, "Sufuria hiyo isikaribie mukimo wangu wa viazi na mahindi. Mwacha mila ni mtumwa."

Wachina walipoondoka, Mama alijenga kibanda sokoni cha kuuzia madonge yale. Hakuwa na ndoto nyingine. Siku ya kwanza watu walijaa, wakanusa, wakasubiri. Nani angethubutu kumtangulia mzee wa kanisa? Baba alipopita, Mama alimtolea bakuli kwa mikono miwili. "Onja tu, Baba Kendi. Moja tu." Baba akalitazama, akatema mate kando, akaenda zake. Watu wakatawanyika. Jioni Mama alimwaga supu yote mtaroni, mbwa wakashiba. Hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Leo barabara ileile hutuletea samaki kila siku, na vijana huwala kwa ugali bila wasiwasi. Baba amezeeka, daktari amemkataza nyama ya ng'ombe na mbuzi. Juzi nilikuwa jikoni alipoingia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Kendi, si unipikie yale madonge yako?"

Mama alikuwa akiponda mukimo. "Nilishasahau," akajibu. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Uongo mtupu. Baba alipotoka, nilimwona Mama akichota mukimo, akaufumbata, na donge likachomoza kati ya vidole vyake, la mviringo kabisa. Akalitazama, akalirudisha sufuriani, akaendelea kuponda. Kisha akampakulia Baba mukimo wake.