Mpinzani wa Admirali

Kwa miaka mitatu mizima niliamini, tena niliwahubiria Wakongo wote wa mtaa wetu wa Umbilo, kwamba kila jeshi la majini linamlipa mzee mmoja mwenye nishani kazi yake iwe kumpinga admirali: huyu akisema kushoto, yule anasema kulia. Naona haya kulisema, lakini nilikuwa na cheti cha shule ya jioni, nani angenibishia? Kosa lilianza kwa Jean-Marie kinyozi, nilipomuuliza maana ya neno la Kifaransa contre-amiral. "Contre iko kupinga, papa," akasema, wembe shingoni kwangu, nami nikakubali.

Neno hilo nililiona mtaa wa Morningside, kwa Gogo Margaret (gogo ni bibi kwa Kizulu), ambaye nilimtunzia bustani. Ah, siku zile! Chai yake ingefufua maiti. Baba yake alikuwa ofisa wa manowari: vita vya kwanza vya dunia alizamishiwa meli mara mbili akaokoka (mimi nilisema mara tisa), vita vya pili, kichwa cheupe, akaitwa tena kuongoza misafara ya meli. Nyumbani hakusimulia kitu, na Gogo alitamani mno kujua baba yake alikuwa mtu gani. Ukutani palikuwa na hati ya Kifaransa ambayo hakuna aliyewahi kumsomea.

Siku alipotimiza miaka themanini na minane akaniambia mbele ya wageni, "Kasongo, wewe unajua Kifaransa. Nisomee."

Ningesema tu kwamba changu ni cha sokoni. Wapi! Nikakohoa, nikatangaza kwamba Wafaransa walimtukuza kwa kumpinga admirali wake vita vyote viwili bila kuchoka, na kwamba siku moja (hii niliitunga palepale) alimnyang'anya usukani. Nikangoja makofi.

Gogo akaweka kikombe chini. "Alikuwa mwasi? Ndiyo maana alinyamaza?"

"Hapana, Gogo, mpinzani wa heshima! Ana mshahara!" Eish, nikazidi kujizika.

Tangu siku ile nisichokijua nasema sikijui, hata mbele ya keki. Maana Mwalimu Wanjiru, jirani Mkenya anayefundisha Kifaransa, naye mmoja wa wageni, aliishusha ile hati, akaisoma polepole hadi mwisho, akanitazama.

"Wee Kasongo, hebu kaa chini." Kisha akamshika Gogo mkono. "Mama, contre-amiral ni cheo tu, admirali wa ngazi ya chini. Baba yako hakumpinga mtu. Hapa Wafaransa wanamshukuru kwa kusimamisha meli yake ili awaopoe mabaharia wao majini."