Koti la Kijivu Lililomlaza Simiyu Chini

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na tangu upewe kibali cha bastola, kila nikikuona unavyojipapasa kiuno, inanirudia yote. Ni siku ambayo shemeji yangu Simiyu nusura auawe kwa sababu ya koti. Hakuwa ameliiba. Alipewa, na lilikuwa langu.

Soma polepole. Mimi pia naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la nne na kalamu bado naishika kama nyundo. Lakini duka unaloliona pale Kawangware, la saruji, mabati na misumari, sikupewa na mtu. Nilitoka Bungoma mikono mitupu, nikabeba saruji za wenyewe mgongoni mpaka nikaanza kuuza zangu. Anayesema vingine aje aniambie usoni.

Basi wezi wakaja dukani mchana, wakanilaza kifudifudi mbele ya wateja wangu. Sikuumia mwili. Lakini nilipoinuka na vumbi la saruji mdomoni nilijiambia sitalala hivyo tena. Nikafuata sheria, nikachunguzwa, nikafunzwa, nikapewa kibali na bastola. Yule aliyetufunza alikuwa mtu mkavu, haongei sana, na kuna neno alilirudia mpaka tukachoka nalo. Alisema silaha ya kufichwa inakulinda tu ikiwa hakuna anayejua unayo. Mtaani wakishajua, wapo watakaokufuata wakiitaka hiyo yenyewe, na pesa zako wakuachie.

Kwa hiyo nikaificha. Nilikuwa na mfuko wake wa plastiki ngumu, ule unaobanwa ndani ya suruali upande wa kulia, na juu yake shati, na juu ya shati koti. Mke wangu alijua. Wengine wote, hata ndugu zake, hawakujua. Nikajiona mjanja.

Kumbe nguo zilikuwa zinasema.

Mashati yalianza kutoboka. Si kwenye kiwiko wala kwenye ukosi, bali pale pale juu ya mshipi, upande wa kulia. Mke wangu akasema ni panya, akatega mtego kabatini. Panya hakunaswa na mashati yakaendelea kutoboka. Mimi nikasema ni huyu jamaa anayeniuzia mitumba pale Soko la Toi, nikaenda kumfokea kwamba ananiuzia nguo zilizooza. Akalichukua shati, akaliinua juani, akalizungusha.

"Buda," akaniambia, "nguo ikioza huoza yote. Hii imeoza kama imeonyeshwa mahali pa kuozea."

Majirani zake wakacheka. Nilipaswa kusimama pale nifikiri. Badala yake nilinunua mashati mengine, tena yale ya kubana, kwa kuwa nilikuwa na kifua wakati huo na nilitaka kionekane.

Koti langu la kijivu ndilo lililoumia kuliko yote. Mpini wa bastola umechongwa vijino kama tupa, na kila nikiinama kupima misumari, vile vijino vinakula bitana. Bitana ikaisha. Halafu kitambaa chenyewe cha nje kikaanza kung'aa, mng'aro wa nguo iliyosuguliwa, na mng'aro huo ukachukua umbo la bastola. Mimi sikuuona kwa sababu nilikuwa ndani ya koti. Anayetembea nyuma yako ndiye anayeona.

Sasa wewe unajua desturi ya nyumba zetu. Nguo ya baba haitupwi. Ikichoka kidogo inashuka kwa shemeji, kwa binamu, kwa mtu yeyote wa kwetu aliyefika mjini anatafuta kazi. Hata mimi koti langu la kwanza Nairobi lilikuwa la mjomba. Kwa hiyo siku Simiyu alipopata habari kwamba kuna nyumba Riruta inataka wapaka rangi, mke wangu alitoa koti la kijivu, akashona bitana kwa mkono, akampa kaka yake aonekane mtu wa maana mbele ya mwenye nyumba. Sikuulizwa, na hata ningeulizwa ningesema mpe.

Simiyu alikuwa anakaa mtaa wa Kianda na mama yake. Mpole, mrefu, kucha zake hazikosi rangi. Alikuwa na watoto wawili wakati huo. Asubuhi ile akavaa koti, akapitia Kawangware kwa miguu.

Mimi nilikuwa nampimia mteja waya. Kioko wa bodaboda, Mkamba mmoja aliyekuwa akibeba mizigo yangu, akafika akasimama mlangoni bila kuzima pikipiki.

"Baba Nekesa, shemeji yako wamemlaza kule chini kwa mtaro. Ni polisi, makarao wa kiraia. Wanasema ako na bunduki."

Nilicheka kwanza. Simiyu na bunduki? Huyo hata kuku wa Krismasi humpa mtu mwingine achinje. Kisha Kioko akaongeza kwamba wanamvuta koti, wanauliza ameificha wapi, na kwamba mmoja wao ameshatoa yake. Hapo kicheko kikaniisha, kwa kuwa nilijua ni koti gani, na papo hapo nikakisia wameona nini.

Mwanangu, toka dukani kwangu mpaka ule mtaro si mbali, lakini niliyafikiria mengi njiani. Nikinyamaza, Simiyu atakufa au atafungwa kwa bunduki isiyokuwepo. Nikisema, nitasema mbele ya watu, na siri niliyoambiwa nisiitoe itakuwa ya Kawangware nzima kabla ya chakula cha mchana. Sikusitasita, usije ukanidhania hivyo. Lakini nilijua ninacholipia.

Nikamkuta amelala kifua chini, mikono kisogoni, shavu kwenye matope. Watu wamejaa, wauza mboga, wenye vibanda, vijana wa kijiweni. Nikasimama mbali kidogo, nikainua mikono yote miwili kama nilivyofunzwa, nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba koti hilo ni langu, kwamba mimi ni mwenye kibali, kwamba kibali kiko mfuko wa shati na silaha yenyewe iko kiunoni kulia, na kwamba sitaigusa mpaka niambiwe.

Niliwaona watu wakigeuka kunitazama kiuno. Kuna kijana mmoja sikumpenda alivyotazama.

Askari mkubwa wao akaja mwenyewe, akaichukua silaha taratibu, akasoma kibali, akapiga simu, akasubiri. Muda wote huo Simiyu yuko chini. Mwishowe akanirudishia vyangu. Kisha akalinyanyua lile koti, akaingiza mkono ndani, akakinyoosha kitambaa pale panapong'aa. Umbo lilikuwa wazi, mpini na sehemu ya nyuma, kana kwamba mtu amelichora kwa chaki.

"Mzee, mimi nimeona alama kama hii kwa majambazi," akasema. "Umemvalisha huyu kesi. Angekimbia tu hatua mbili, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Nilimwinua Simiyu, nikampangusa uso kwa leso yangu. Alivua koti akanipa, akabaki na shati, na kule Riruta hakwenda. Kazi ile akapata mwingine.

Nilidhani yameishia hapo. Kesho yake mke wangu akaniambia mama yake ananiita Kianda, na niende na ule mfuko wa bastola, mtupu, na koti. Silaha isikanyage kwake.

Hapa inabidi nieleze kwa mlioota meno mjini. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai wakatazamana. Hampeani mikono, hamli pamoja, ukimwona njiani unakata kona. Mama mkwe wangu alikuwa mshonaji, alikuwa na cherehani yake ndani ya chumba kile kile alichopanga, na chumba kiligawanywa kwa pazia. Miaka yote tangu nimwoe binti yake hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja. Kwa hiyo aliponiita nikajua mambo si madogo. Nikafungia bastola kwenye sefu ya duka, nikaenda.

Nikaketi upande huu wa pazia, yeye upande ule, mke wangu katikati mlangoni. Nikasikia cherehani ikisimama. Alianza kusema na binti yake, kama inavyopaswa, mwambie mwenye koti hivi, mwambie mwenye koti vile. Akauliza kama mwenye koti anajua kwamba yeye mama ana mtoto wa kiume mmoja tu. Kisha hakupitia kwa binti tena.

"Baba Nekesa. Wewe ulivaa kitu ukakificha kwa wezi. Mbona hukukificha kwa nguo yako?"

Nilitazama chini ingawa hanioni. Nikausukuma mfuko na koti chini ya pazia. Nilisikia vidole vyake vikipita kwenye plastiki, polepole, ukingo wote.

Akasema ukingo ni mkali kama kifuniko cha mkebe. Akasema skrubu ya kibanio imetokeza kichwa, na huyo ndiye panya tuliyemtegea. Akauliza, "Si msasa unauza?" Mke wangu akaziba mdomo asicheke. Naam, msasa nauza, wa kila namna, umejaa rafu nzima, na sikuwahi kufikiri kuupitisha kwenye mfuko wangu mwenyewe.

Alinifundisha mchana ule kama anavyofundisha wasichana wake wa kushona, nami nikafanya yote, kwa hiyo sasa nakupa wewe.

Sugua ukingo wa mfuko kwa msasa laini mpaka upite juu ya soksi ya nailoni bila kushika uzi. Mfuko tu, mwanangu, silaha yenyewe usiiguse, hiyo ina fundi wake. Skrubu iliyotokeza ikazwe, kisha ibandikwe kipande cha ngozi juu. Ndani vaa fulana ya pamba, uichomeke, ili jasho na mafuta ya bunduki viishie kwenye fulana. Mafuta yenyewe yapanguse kabla ya kuvaa. Shati likishalowa mafuta huchukua vumbi, na vumbi ndilo linalosaga. Suruali nunua iliyokuzidi kidogo kiunoni, halafu mshipi mgumu wa ngozi, usiolegea, ili mfuko usichezecheze. Kinachocheza ndicho kinachokula. Mashati ya kubana acha. Kifua chako tutakiona kanisani.

Koti lipelekwe kwa fundi likiwa bado jipya, kabla halijaumia. Ashone ndani, upande ule, kiraka kikubwa cha jinzi nyepesi, chini akiache wazi kisivute kitambaa cha nje. Kikichakaa kinabanduliwa, kinawekwa kingine. Kiraka kisishonwe kwa nje hata siku moja, utakuwa umeandika tangazo. Usiwe na koti moja la kila siku. Yawe mawili, matatu, yapumzishane. Na ukivua jioni, lishike mbele ya dirisha ulitazame kwa nje, kwa jicho la mtu anayetembea nyuma yako. Ukiona mng'aro, limemaliza kazi.

Limemaliza kazi maana yake halimfikii mtu. Mama mkwe alichukua mkasi pale pale. Nilisikia kitambaa kinapasuka, tena na tena, mpaka kikawa vipande vya kushikia sufuria. Kupitia chini ya pazia alinirudishia vifungo peke yake.

"Hivi havijui kitu," akasema. Kisha cherehani ikaanza tena, nami nikajua nimeruhusiwa kuondoka. Hakuwahi kusema nami tena mpaka tulipomzika.

Siri yangu, kama nilivyotarajia, ilikuwa imeenea. Kwa muda mrefu nilibadilisha njia ya kwenda nyumbani, nikafunga duka mapema, nikamkwepa yule kijana aliyenitazama. Mungu alisaidia, hakuna kilichotokea. Simiyu nilimpeleka Toi achague koti alitakalo. Alitembea kibanda kwa kibanda akishika mikono ya makoti, mwishowe akachukua sweta. Mpaka leo, na mvi zote hizo, hata baridi ya Julai iwe kali vipi, utamkuta na sweta.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Uliyejichagulia kubeba kitu kizito, uzito wake usimwangukie mwingine. Tunza nguo zako, si kwa ajili ya urembo tu, bali kwa sababu wako watu watakaozivaa baada yako, na watabeba alama yako bila kujua. Toa nguo zako nyingine zote kwa moyo mweupe, lakini ile iliyolala na chuma ikate kwa mkono wako mwenyewe. Na ukome kujipapasa hapo kiunoni. Mkono unamaliza kitambaa kuliko hata mpini, na unawaambia watu zaidi ya unavyodhani.

Mungu akupe nguo zichakae magotini kwa sababu ya kucheza na watoto wako. Zichakae viwikoni kwa kuegemea meza ya biashara uliyoijenga mwenyewe, na ukosini kwa uzee. Na hicho ulichobeba kiunoni, akijalie kizeeke huko kikiwa kimya, na siku ukikirudisha serikalini asiwepo mama yeyote, wa kwako wala wa mwenzako, anayekijua kwa sababu ya mwanawe.