Tulihesabu Wakati wa Mbalamwezi

Siku yangu ya kwanza kwenye utafiti wa elimu nilifika ofisini, pale Mwanga, Kigoma mjini, na vumbi la chaki bado kwenye mkoba. Miaka kumi na miwili ya ualimu haikutoki kwa siku moja. Mratibu wa Utafiti, mama aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa mwingine, alicheka. "Hapa hatufundishi, Mwalimu. Tunauliza, tunaandika, tunaondoka."

Nikajifunza. Hojaji, yaani karatasi ya maswali, unaisoma kama ilivyo, humsaidii mtu kujibu. Sampuli ni zile shule chache mnazozichagua ziseme kwa niaba ya nyingine zote. Kazi niliipenda, nisidanganye, mpaka nikaanza kujiona bingwa.

Mwaka wa tatu tukatumwa kupima mahudhurio kwenye shule za ufukweni, ili zenye utoro zipewe uji wa asubuhi. Mratibu alipanga safari wiki ya mbalamwezi, kwa kuwa boti za kukodi hupatikana kirahisi. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi hupumzika. Mimi mzaliwa wa Bangwe, niliyekua nikianika dagaa mchangani, nilipanda boti wala sikuwaza.

Shule ya mwisho madarasa yalijaa pomoni. Mwalimu Mkuu, mzee aliyenipokea nilipoanza ualimu, alinisalimu "Mwakeye," salamu ya kwetu ya asubuhi, kisha akanivuta pembeni.

"Umeona walivyojaa? Ni kwa sababu ya mwezi huu. Njooni kwenye giza, mwezi ukiisha na mitumbwi ikivua, mwanangu. Asubuhi wote wako mchangani wanaanika dagaa wapate chochote cha kula. Darasa la watoto arobaini nabaki na kumi. Mkiandika mlichokiona leo, uji hatupati."

Nikampelekea Mratibu maneno yale.

"Fomu inasema siku ya ziara," akanijibu. "Tumehesabu, tumemaliza. Boti inasubiri."

Ningeweza kugoma. Nilisaini. Ripoti ikatoka imeandikwa "mahudhurio ni ya kuridhisha," na uji ukapanda shule za milimani.

Nilifanya kazi chini ya waratibu wengine watatu. Kila nilipopanga safari za ufukweni nilianza kwa kuutazama mwezi, vijana wa ofisini wakanitania eti nimekuwa mganga. Ile shule haikuingia tena kwenye sampuli hata mara moja.

Nilipostaafu nilimfuata yule mzee kwake Kasingirima.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu."

Alinipokea kwa furaha, na furaha yake ikaniumiza kuliko kama angenitukana. Nikamwomba radhi, nikamuuliza habari za wale watoto.

"Wapo. Wameoa, wameolewa. Sasa watoto wao ndio wako pale shuleni, na giza likiingia hawaonekani."

Naitamani asubuhi ile irudi. Ningeiacha boti iondoke, nikaomba mkeka kwa Mwalimu Mkuu, nikasubiri mwezi uishe, nikahesabu upya kwenye giza. Zilikuwa zimebaki siku kumi tu.