Askari wa Nyanda Mbili

Siwezi kutulia mbele ya meza ambayo vitu vyake havilingani. Nasimama, nainama, nachungulia kwa jicho moja, narudi kukaa, nasimama tena. Walimu wenzangu wawili wa hapa Pande, ambao huja barazani kwangu Jumamosi kucheza, wamenizoea. Husema kiti changu kina siafu.

Mchezo wenyewe niliutoa chuoni. Ni vita vya mezani: falme za kubuni, majini, wachawi, dadu za kuamua nani kapigwa na nani kapona, na vinyago vidogo vya kusogeza kutoka ngome hadi ngome. Mji niliujenga mimi, kwa maboksi na chokaa. Watu wa mji aliwachonga dada yangu kwa mabaki ya mninga, kule Mitwero, Lindi, alikobaki na baba. Baba alikuwa seremala, na dada alijifunza kisu kwake tangu angali mdogo. Mimi nilijifunza kuvuruga takataka za randa tu.

Nafundisha jiografia, na somo ninalolipenda ni skeli ya ramani. Mezani nataka sheria ileile. Ukichagua kipimo, shikamana nacho. Mtu akiwa na kimo hiki, jini awe mara mbili yake, na mlango umzidi mtu kidogo tu. Ukivunja hapo hadithi yote inakufa, maana mchezaji haoni tena mji, anaona maboksi.

Tukapanga mtu awe nyanda mbili, yaani upana wa kidole mara mbili. Sasa kidole cha nani? Changu ni chembamba, cha dada chembamba zaidi. Baba, kwa kazi ndogondogo, hakuwahi kuhangaika na futi. Alilaza kidole chake cha shahada juu ya mbao, akachora, akakata, na droo ikaingia mahali pake. Nikampigia dada simu.

"Kila mtu apimwe kwa kidole cha baba," nilimwambia. "Tusije tukawa na watu wa nchi mbili."

"Sawa, mwalimu," alisema, akacheka.

Mfalme ndiye aliyetangulia, kwa basi, amefungwa kwenye kipande cha kanga. Nilimpima, nikamsimamisha, nikakata milango yote ya mji kwa kimo chake. Wakafuata askari, wachawi, muuza kahawa na jini mmoja mnene. Kabla ya kutuma kila furushi dada alinitumia picha, nami nilifurahi, kwa sababu pichani wote walionekana sawa. Picha ya mtu mmoja aliyesimama peke yake haikwambii lolote kuhusu ukubwa wake. Hilo nalifundisha darasani kila mwaka, na bado lilinipita.

Kila Ijumaa baada ya swala nilipiga simu kumsalimia baba. Mara nyingi dada alisema amelala, au yuko nje anapunga upepo. "Hajambo, anakusalimu sana." Nikaridhika, nikamuuliza kuhusu askari.

Furushi la mwisho lilifika Jumamosi, wenzangu wakiwa tayari wamekaa. Nilifungua palepale, nikawapanga askari wapya langoni mwa mji. Mmoja wa wenzangu akaangua kicheko.

"Mwalimu, umetuletea jeshi la chekechea?"

Kweli, hawakufika hata begani mwa mfalme. Lango nililolijenga kwa mikono yangu liliwameza. Damu ilinichemka. Sikungoja wageni waondoke, nikapiga simu huku nazunguka baraza.

"Dada, hawa wa safari hii umewapima kwa nini?"

"Kwa kidole cha baba, kama ulivyotaka."

"Haiwezekani. Umekadiria kwa macho."

"Sijakadiria, mdogo wangu. Kila kipande nampelekea kitandani. Analaza kidole, nachora. Analaza tena, nachora. Siku hizi ndiyo furaha yake."

"Kitandani? Mchana huu?"

Nilimsikia akifunga mlango. Kisha akasema, "Baba hajambo."

Nilikata simu bila kuaga. Niliwatoa askari wote mjini nikawapanga mstari mmoja, waliotangulia kufika mwanzo, waliofika mwisho mwisho. Walishuka taratibu, na hakuna aliyekuwa mrefu kuliko mwenzake aliyemtangulia. Wenzangu waliacha kucheka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Kwetu mgonjwa huwa hajambo mpaka siku anayozikwa, na mimi, mzaliwa wa pwani hiihii, nililipokea neno hilo kama cheti cha daktari.

Kesho yake nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikaondoka. Ndani ya basi nilisimama, nikakaa, nikasimama, mpaka konda akaniuliza kama nina tumbo la kuendesha.

Dada alinikuta mlangoni. "Alinikataza," alisema kabla sijamwamkia. "Aliniapisha kabisa. Ungefanya nini?"

Nilimpita, nikaingia ndani. Baba alikuwa chumba cha uani, amefunikwa shuka mpaka kifuani, na shuka lilikuwa karibu sawa na kitanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu? Habari za Pande?"

"Nzuri. Hujambo, baba?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Nilikuwa nimeushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, vidole vyake vimekonda kuliko vyangu. Hasira ikanipanda, nikashindwa kuimeza.

"Baba, askari wako wanapungua."

Aliutazama mkono wake, akaugeuza kiganjani mwangu, kiganja juu, kiganja chini. Alikuwa fundi, na lililomuuma kwanza lilikuwa la kifundi.

"Wamepungua sana?"

Nikamwonyesha kwa vidole.

"Basi nimewaharibia kazi. Mwambie dada yako kuanzia leo apime kwa kidole chake."

"Sitaki!" Nilipaza sauti mpaka dada akaja mlangoni. "Sitaki kidole cha mtu mwingine. Nataka uniambie hali yako."

Aliyageuza macho yake darini. Nilidhani amenikasirikia.

"Naumwa, mwanangu," alisema. "Naumwa sana."

"Pole, baba."

"Nimeshapoa," akajibu, kama adabu inavyotaka.

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, kisha mimi, kisha dada pale mlangoni huku anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikapanda kitandani, nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi. Nilikaa hivyo, bila kusogea, mpaka kikapita.